Akishapelekwa kwa Mshauri, Kazi Haijaisha

Katika vyumba vya walimu wa shule zetu, na hata katika ofisi za vyuo vikuu, imo kauli moja ambayo hutolewa kwa utulivu mkubwa kila linapozuka suala la mwanafunzi aliyelemewa na huzuni: "Huyo keshapelekwa kwa mshauri." Kauli hiyo ikishatamkwa, mazungumzo hugeukia mambo mengine: mitihani ya mwigo, karo, au timu ya mpira wa wavu iliyoshindwa Jumamosi. Mimi ni mwalimu wa isimu, na sikio langu limezoea kunasa viambishi. Ndani ya "keshapelekwa" mna kitenzi "kwisha" kilichomezwa na kitenzi kingine hata kikabakia silabi moja tu. Silabi hiyo hutuarifu kwamba jambo limekamilika, halina sazo. Ninavyoona mimi, katika suala hili silabi hiyo inatupotosha, na upotovu wake waweza kugharimu maisha ya mtu.

Juma moja lina saa 168. Mgonjwa anayepata tiba ya mazungumzo hukaa na mtaalamu wake yapata saa moja kwa juma, tena huyo ni mwenye bahati, kwa maana wengi humwona mara moja kwa mwezi. Saa 167 zilizosalia yuko wapi? Yuko bwenini, darasani, mezani kwa shangazi yake, katika matatu, au kitandani usiku wa manane akikodolea dari macho. Huko kote mshauri hayuko. Tuko sisi. Na iwapo sisi tumekwisha kuamua kwamba kazi imekamilika, basi mgonjwa huyo amebaki peke yake katika sehemu kubwa ya maisha yake.

Kabla sijaendelea, naomba radhi kwa wasomaji watakaoona lugha yangu ni kavu. Nitalitumia neno "kujiua" waziwazi. Najua kwamba Kiswahili kina hazina kubwa ya tafsida na kwamba hazina hiyo ni sehemu ya adabu zetu. Marehemu wa namna hii husemwa kuwa "aliaga ghafla" au "aliugua kwa muda mfupi", na katika matanga jamaa huelewana kwa macho. Adabu hiyo huwafaa wafiwa. Lakini aliye hai, na anayewaza kujiua, haisaidii tafsida yetu. Humfunza kwamba alilo nalo halina jina mbele za watu.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa takwimu za 2021 hiki kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo miongoni mwa vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29. Huo ni umri wa wanafunzi wetu wa kidato cha tatu na cha nne, wa vyuo vya ualimu, na wa vyuo vikuu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuanza tiba hakuondoi hatari papo hapo. Wataalamu wa magonjwa ya akili katika nchi nyingi wamethibitisha kwamba majuma na miezi ya mwanzo baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitalini ni kipindi cha hatari kubwa kupita kawaida. Ndicho kipindi hasa ambacho jamaa na walimu hushusha pumzi na kusema amepona. Dawa nazo zina mwendo wake. Dawa za kutibu sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na tangu mwaka wa 2004 mamlaka ya dawa nchini Marekani imeagiza kwamba watoto na vijana wanaozitumia waangaliwe kwa makini zaidi katika kipindi cha mwanzo, kwa kuwa baadhi yao mawazo ya kujiua huweza kuzidi kwa muda. Haya sisemi ili kumtisha mtu aache dawa. Kuziacha ghafla bila shauri la daktari ni hatari nyingine. Nasema ili ieleweke kwamba anayeanza tiba huhitaji watu wa kumtazama kwa ukaribu zaidi ya alivyohitaji kabla.

Je, kutazamwa huko kuna faida yoyote inayopimika? Kati ya mwaka wa 1969 na 1974, daktari mmoja wa San Francisco aitwaye Jerome Motto alifuatilia wagonjwa 843 waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya sonona au mawazo ya kujiua na ambao, walipotoka, hawakuendelea na tiba. Nusu yao aliwaandikia barua. Zilikuwa barua fupi mno, za sentensi moja mbili, za kumjulisha mtu kwamba anakumbukwa na kwamba anatakiwa heri, bila kumdai chochote. Kila mmoja aliandikiwa barua 24 katika miaka mitano. Katika miaka miwili ya kwanza, waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kwa kiasi kilicho bayana kuliko wale ambao hawakuandikiwa. Tafiti zilizofuata kuhusu barua na kadi za aina hii hazijakubaliana zote, nami sitaki kumwuzia msomaji mbuzi ndani ya gunia. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008, uliofanywa Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China na kuwahusisha watu 1,867 waliowahi kujaribu kujiua, ulielekea upande uo huo. Waliozungumziwa kwa saa moja, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika muda wa miezi kumi na minane, walipoteza watu wawili kwa kujiua. Waliopata matibabu ya kawaida peke yake walipoteza kumi na wanane. Mazungumzo ya saa moja na kujuliwa hali mara tisa! Ni shule gani ya Kenya isiyoweza kugharimia kiasi hicho?

Lakini kujuliana hali ni kazi ya lugha, na hapa pana kikwazo ambacho si cha fedha. Tazama maamkizi yetu. "Hujambo?" ni swali lililojengwa kwa ukanushi: huna jambo? Na jibu ni "Sijambo", yaani sina jambo. Swali limekuja na jibu lake mgongoni. Mtu aliyeamkwa hivyo hana nafasi ya kusema "Nina jambo", na kwa hakika hakuna anayesema hivyo. Vijana wa leo wameiacha "Sijambo" ya wazee wao wakachukua "Niko sawa" na "Niko tu", nazo hufanya kazi ile ile ya kufunga mlango kwa upole. Silaumu maamkizi. Kazi yake ni kufungua uhusiano, hayakuwekwa yawe kipimo cha afya. Kosa hutokea pale mwalimu anapomuuliza mwanafunzi mgonjwa "Hujambo?" mbele ya wenzake arobaini, akapata "Sijambo", kisha akaandika katika daftari lake kwamba mwanafunzi anaendelea vyema.

Kiswahili cha pwani kilikuwa na njia nyingine, ambayo naona tumeisahau sisi tuliokipokea lugha hii darasani. Mtu aliyeugua alisema "Siwezi", na jamaa zake wakasema "Hawezi siku hizi". Halikutajwa tumbo, halikutajwa kichwa, wala hakikutajwa kitenzi kingine cha kukamilisha sentensi. Lisilowezwa lilikuwa ni maisha ya kila siku kwa jumla. Napendezwa na usemi huu kwa sababu hautenganishi mwili na nafsi. Aliyeshikwa na homa hawezi, na aliyeshikwa na sonona hawezi. Linganisha na maneno yetu ya sasa. Mwenye homa ni "mgonjwa", lakini mwenye sonona ni "mvivu", "ana mapepo", "anajifanya", au "anafaa kupelekwa Mathari". Hospitali hiyo ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1910 kama hifadhi ya wagonjwa wa akili, imetibu maelfu ya watu wakarejea kazini na makwao, ila sisi jina lake tumeligeuza tusi la uwanjani. Mwanafunzi aliyekuwa na miadi huko atawaambiaje wenzake anakokwenda?

Hata jina la tiba yenyewe lina kasoro. Tunasema "ushauri nasaha". Ushauri ni kumpa mtu shauri. Nasaha ni maonyo mema. Tumeyaunganisha maneno mawili ya kutoa mawaidha ili tutaje kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kusikiliza. Si ajabu basi kwamba walimu wengi wanaopewa wadhifa huo huketi na mwanafunzi, wakamhutubia nusu saa kuhusu wazazi wake wanavyojinyima kwa ajili yake, kisha wakamwachilia. Mtoto huyo alikuja na mzigo mmoja wa huzuni, akatoka na miwili, wa pili ukiwa ni hatia.

Historia nayo imechangia. Pendekezo la kuwa na ushauri nasaha shuleni ni la zamani. Lilikuwemo katika ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976. Lakini viboko vilipopigwa marufuku mwaka wa 2001, ushauri ulitarajiwa uzibe pengo la kiboko. Tangu hapo, katika shule nyingi, kupelekwa kwa mwalimu wa ushauri nasaha kukawa hatua mojawapo ya adhabu: unaonywa, unapelekwa kwa mshauri, unatumwa ukamlete mzazi. Mwanafunzi aonekanaye akitoka katika ofisi hiyo huulizwa na wenzake amefanya nini. Ningekuwa na uwezo, ningeitenga kabisa ofisi ya mshauri na ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, na mwalimu mmoja asishike nyadhifa zote mbili.

Sheria ya nchi ilikuwa na sauti yake katika jambo hili. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ambayo ni urithi wa ukoloni tangu 1930, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa la jinai, na adhabu yake ingeweza kufika kifungo cha miaka miwili. Waingereza walioileta sheria hiyo waliifuta kwao mwaka wa 1961. Sisi tulikaa nayo hadi tarehe 9 Januari 2025, wakati Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa miaka yote hiyo mgonjwa aliyemfungulia moyo daktari wake alikuwa akikiri kosa. Wengine walidanganya hospitalini kwamba wamepata ajali, wakatibiwa mwili na kurudishwa nyumbani, nafsi zao zisiguswe. Uamuzi wa Jaji umeondoa kizuizi cha sheria. Vinywa vyetu vingali vinatumia msamiati wa polisi. Nimewasikia watu wenye shahada wakimwita mgonjwa wa aina hii "mshukiwa".

Nirudi kwa mwalimu na mwanafunzi. Wengi huogopa kuuliza. Hofu yenyewe naielewa: huenda nikimtajia kujiua nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Uchunguzi umefanywa mara nyingi kuhusu jambo hili, na haukuonyesha kwamba kuuliza humtia mtu wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Basi ulizeni, na mulize kwa sentensi nyofu: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Muuliziwe mahali pa faragha, mlango ukiwa umerudishwa, na muda uwepo wa kungoja jibu. Msiulize kama nilivyopata kumsikia mtu mmoja akiuliza: "Wewe huwezi kufikiria upuzi kama huo, sivyo?" Hilo ni "Hujambo?" jingine, limekuja na jibu lake.

Akijibu ndiyo, usimkemee wala usimhubirie. Imani yake, ikiwa anayo, inaweza kumfaa baadaye na yeye mwenyewe ataieleza. Mshukuru kwa kukuambia, muulize kama amekwisha kupanga jambo lolote, usimwache peke yake, na umfikishe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Na akikuambia, "Mwalimu, naomba usimwambie mtu," jibu la haki ni kwamba hilo huwezi kumwahidi, ila utakwenda naye na utamweleza kila hatua kabla ya kuichukua. Siri ya mgonjwa ni kitu kitukufu katika taaluma ya tiba, lakini hata wataalamu wenyewe hawaifungi pale uhai unapokuwa hatarini. Wanafunzi nao waelewe hivyo. Rafiki anayemwambia mwalimu habari za mwenzake aliye katika hatari hajawa msaliti.

Kuna chombo kimoja ambacho ningependa kila mwalimu akifahamu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, walibuni mpango wa usalama ambao mgonjwa huuandika pamoja na mtaalamu wake kwenye karatasi moja. Huandika dalili zinazomjulisha kwamba hali inaanza kuwa mbaya; mambo ambayo yeye mwenyewe hufanya yakamtuliza; watu na mahali pa kumwondolea upweke; watu wa kuomba msaada; simu ya mtaalamu; na namna ya kuviweka mbali vitu ambavyo angeweza kujidhuru kwavyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, uliohusu wagonjwa 1,640 wa hospitali za wanajeshi wastaafu, ulionyesha kwamba pale mpango huu ulipofuatiwa na simu za kumjulia mgonjwa hali, vitendo vya kujidhuru kwa nia ya kujiua vilipungua kwa karibu asilimia 45 katika miezi sita. Masharti yake ni kwamba uandikwe kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Washauri wetu wengi walisomea kazi yao kwa Kiingereza na huandika kwa Kiingereza. Mtoto anayewaza kwa Kikamba au Kiluhya hataishika karatasi hiyo saa nane za usiku. Iandikwe kwa lugha ya moyo wake, na ikiwa moyo wake unasema kwa Sheng, iandikwe kwa Sheng, nami mlinzi wa Kiswahili sanifu sitalalamika.

Wengine watasema haya ni mambo ya Marekani, na kwamba kwetu wataalamu ni wachache na nauli ni ghali. Ni kweli, wataalamu ni wachache na wengi wao wako mijini. Lakini nauli ndiyo iliyozaa jambo kubwa nchini Zimbabwe. Mwaka wa 2005 daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake kijana kwa kujiua. Ameeleza hadharani kwamba mama ya kijana huyo alimwambia walikuwa wakitaka kuja hospitalini, ila hawakuwa na pesa za basi. Mwaka uliofuata, Chibanda alianza kuwafunza akina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, jinsi ya kuzungumza na wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti wa mwaka wa 2016 uliohusisha watu 573 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache zaidi za ugonjwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Anayeonekana yu karibu kujiua hupelekwa juu kwa wataalamu.

Jambo lililonivutia mimi ni neno wanalolitumia. Akina nyanya hao huzungumzia "kufungisisa". Kwa Kishona "kufunga" ni kufikiri, na kiambishi "-isisa" huongeza ukali wa tendo. Kufungisisa ni kuwaza kupita kiasi, kuwaza mpaka ukaumwa. Mgonjwa wa Harare haambiwi jina la ugonjwa lililotoka ng'ambo. Huulizwa habari za neno ambalo alilijua tangu utotoni. Nasi tunayo maneno ya namna hiyo. Tuna kusononeka, tuna kuelemewa, tuna mawazo ya wingi ambayo Mkenya yeyote akisema "nina mawazo" hueleweka. Tunayo ile "siwezi" ya pwani. Ni hazina ya kutosha kumwezesha mwalimu kuanza mazungumzo bila kungoja warsha.

Niongeze neno kuhusu wanafunzi wenzake. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa akihudhuria tiba kwa karibu mwaka mzima, aliniambia kwamba kilichomuumiza kuliko ugonjwa wenyewe ni kuona wenzake wa chumbani wameacha kubishana naye kuhusu mpira. Walikuwa wakimwogopa kama yai. Alitaka ubishi wake urudi. Wenzake walipolijua hilo walimrudishia, tena bila huruma, kwa kuwa timu yake ilikuwa ikifungwa kila juma.

Nawe msomaji ambaye u katika tiba, na ambaye wakati mwingine baada ya kuonana na mshauri hujihisi vibaya kuliko ulivyoingia, mweleze jambo hilo mtaalamu wako kwa maneno hayo hayo. Ni habari anayoihitaji. Ukiona hamwelewani, kubadilisha mshauri ni haki yako. Kuiacha tiba kimyakimya ndiko kunakokuacha peke yako. Na mawazo ya kujiua yakikujia katikati ya juma, usingoje siku ya miadi.

Simu ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini na ile ya 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu za mkononi, na sitaki kuufufua mjadala huo hapa. Lakini nambari hizo hazina maana kwa mtoto asiye na chombo cha kuzipigia. Zibandikwe bwenini, na pawepo simu moja ya shule ambayo mwanafunzi anaweza kuiomba kwa matroni saa yoyote ya usiku bila kuulizwa anampigia nani.